Jino Halipandi Ngazi

Mama alisema ni jino, na mama akishasema neno, hata kuta hukubali. Siku kadhaa alikuwa akizunguka chumba chetu cha ushonaji kiganja kiko kwenye taya la kushoto, akisukutua maji ya chumvi na kuyatema kwenye beseni, kisha akirudi kwenye cherehani yake. Nikimwambia twende kwa daktari wa meno, ananijibu kwamba sare za shule hazijishoni zenyewe. Mimi hasira zangu huwa ziko karibu. Nilimwambia jino lake na ukaidi wake ving'olewe siku moja tupumzike, naye akacheka, akanitupia futi ya kupimia.

Chumba chetu kiko ghorofani, juu ya duka la rangi na misumari, na ngazi zake za saruji zimesimama wima kama zilijengwa na mtu mwenye kisirani. Asubuhi ile mama alipofika juu hakwenda kwenye cherehani. Alikaa juu ya robota la kitambaa cha bluu, mtandio bado uko kichwani, mkoba bado uko begani. Nilikuwa nakata kola. Niliposikia kimya nikainua macho, nikaona uso wake umekuwa wa kijivu na jasho linamtiririka shingoni, wakati feni ilikuwa inamvumia yeye peke yake. Nikamgusa. Alikuwa wa baridi.

"Jino tu," alisema. Halafu akaomba beseni, akatapika.

Alikuwapo mteja mmoja, mama mnene mwenye maneno mengi tuliyemwita Bi Gauni, kwa sababu kila mwezi huja kutanua gauni lile lile na kila mwezi hulilaumu gauni. Alisimama katikati ya chumba na pini kiunoni, akatoa hukumu: "Hiyo ni gesi. Mpeni soda abeue."

Mimi nilikuwa nimeshashika simu, napiga namba ya dharura. Mama akanikodolea macho.

"Unaita gari la wagonjwa kwa ajili ya jino? Unataka mtaa mzima utucheke?"

"Watacheka na wewe ukiwepo, mama. Kaa kimya."

Sasa hapa inabidi niseme jambo, maana bila hilo mtu hataelewa kilichofuata. Mume wangu ni mhudumu wa gari la wagonjwa, na siku ile alikuwa zamu. Sikumwita yeye. Niliita gari, na gari lililokuwa karibu likawa lake. Na mume wangu na mama yangu waliheshimiana kiasi cha kunichosha. Yeye akiingia, mama anajifunika. Mama akikaa upande huu, yeye anakaa upande ule, macho chini, magoti pamoja. Na kukiwa na neno kati yao linapitia kwangu, ingawa wote wawili wana masikio mazima. "Mwambie mwenzio chai ipo." "Mwambie mama nashukuru." Miaka yote ya ndoa yangu nimekuwa mkalimani wa watu wanaozungumza lugha moja.

Basi viatu vilipopanda ngazi kwa kishindo na mama akaisikia sauti ya mkwe wake, kitu cha kwanza alichofanya, mgonjwa vile, ni kuvuta mtandio na kujifunika mpaka kidevuni.

"Shikamoo, mama," mume wangu alisema, akipiga goti mbali kidogo, begi lake jekundu mkononi. Nyuma yake alikuwa dereva wao, ambaye kazini wanamwita Polepole kwa sababu hajawahi kwenda hivyo.

"Marahaba. Mwambie mwenzio ni jino."

"Muulize mama maumivu yalianza lini."

"Jamani, mimi si simu!" nilipiga kelele. "Mmoja anaumwa, mwingine anatibu. Ongeeni!"

Akasogea. Akamshika mama kifundo cha mkono kutafuta mapigo, na nadhani ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumshika mkono tangu aje kuniposa. Nikaona uso wake unabadilika. Mume wangu nyumbani ni mtu wa kupoteza funguo na kuulizia soksi. Huyu aliyekuwa mbele yangu alikuwa mwingine, nami sikupenda jinsi alivyokuwa ametulia.

"Jino linauma ukinywa maji baridi?"

"Haliumi."

"Ukitafuna upande huo?"

Mama akatikisa kichwa.

"Sasa linauma lini?"

Nikajibu mimi, maana nilikuwa nimeliona siku zote hizo bila kulijua: "Akipanda ngazi. Anasimama pale katikati, anashika taya. Akikaa linapoa. Leo ndiyo amekaa na halipoi."

Mume wangu akainua macho kumtazama Polepole.

"Jino halipandi ngazi," alisema taratibu. "Lete mashine."

"Mashine ya nini?" mama aliuliza.

"Ya kupima moyo, mama."

"Lakini hashiki kifua!" Bi Gauni akaingilia. "Mtu wa moyo hushika kifua akaanguka, mbona kwenye filamu tunaona?"

"Kwenye filamu wote hushika kifua," mume wangu alimjibu huku akifungua begi. "Kazini kwetu mmoja anashika taya, mwingine anasema mgongo unamuuma, mwingine ni tumbo tu, mwingine anakwambia amechoka basi. Wanawake hasa, na wazee. Na wenye sukari."

Mama ana sukari, na wote tulilijua hilo. Nikashika meza ya kukatia.

Waya za mikononi na miguuni mama alizikubali. Zilibaki za kifuani. Mume wangu alikuwa ameshika vibandiko vya waya hizo, mkono umesimama hewani, na mama alikuwa ameikunja blauzi yake kwa ngumi mbili.

"Hapana," alisema mama. "Mwambie mwenzio hapana."

"Mama..."

"Yule dereva aweke. Au wewe. Mkwe wangu hapana. Nife na adabu zangu."

Polepole alirudi nyuma hatua. Yeye kazi yake ni usukani, kubeba, na kukandamiza kifua pale pumzi inapokatika. Kubandika vitu vile hakuwa amefundishwa, na alisema hivyo waziwazi. Gari lingine lilikuwa upande wa pili wa mji. Nikamwona mume wangu anatafuta njia ya kumwokoa mama mkwe na kuiokoa heshima kwa mkupuo mmoja, nami kwa ujinga wangu nilifurahi alipoipata. Polepole na Bi Gauni wakatandaza kitambaa cha sare kama pazia. Mume wangu akageuka, akautazama ukuta, akaanza kunielekeza mimi.

"Tafuta mfupa wa katikati ya kifua. Shuka kwa vidole, uhesabu nafasi za mbavu."

"Mama hafungui."

"Mama, mwachie kidogo."

Mama aliachia vifungo viwili vya juu tu. Nikapenyeza vidole. Jasho lilikuwa jingi, vibandiko vinateleza.

"Cha nne kinakwenda... pale chini kidogo," mume wangu aliuambia ukuta. "Chini ya... yaani chini pale. Unapaelewa?"

Hakuweza kulitaja titi la mama mkwe wake. Mtu aliyewahi kuzalisha wanawake barabarani, ulimi ulimkwama. Nami nilikuwa na ngumi za mama zilizoikamata blauzi na vifungo viwili tu, nikabandika vibandiko vyote pale nilipoweza kufika, juu juu, karibu na mabega, nikasema tayari.

Mashine ikatoa karatasi. Polepole akampitishia mume wangu juu ya kitambaa. Chini dukani mtu alikuwa anagongesha mabati.

"Haioneshi kitu," mume wangu alisema taratibu.

"Si nilisema?" Mama alipumua. "Fungeni mabegi yenu. Binti yangu anapenda makubwa."

"Gesi," alisema Bi Gauni.

Na mimi nilishukuru. Nilishukuru mpaka nikamkasirikia mume wangu kwa kututisha. Lakini yeye hakufunga begi. Alikuwa bado ameutazama ukuta, karatasi mkononi, akiivuta karibu na kuisogeza mbali.

"Ulivibandika wapi?" aliniuliza.

"Kifuani."

"Kifuani wapi? Nioneshe kwenye mwili wako."

Nikazunguka pazia nikasimama mbele yake, nikamwonesha. Alifumba macho.

"Huko mashine inaangalia mabega," alisema. "Moyo haijauona."

Nyuma ya kitambaa mama alisema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kwamba mgongo unawaka kati ya mabega, na kwamba amechoka sana, tumwache alale. Ndipo mume wangu akageuka. Akalisogeza pazia kwa mkono, akapita, akapiga goti mbele ya mama yangu, karibu kabisa.

"Geuka huko!" mama alimwambia. Yeye mwenyewe, mdomo wake, bila kunipitia mimi.

"Nisamehe, mama. Sigeuki."

"Wewe ni mkwe wangu! Kesho utanitazama vipi?"

"Mimi naitaka hiyo kesho, mama. Ikifika, ukinikataza kukanyaga kwako, sitakanyaga."

"Mama, fungua!" nilipiga kelele, machozi yananitoka. "Heshima si utumwa!"

"Mficha uchi hazai!" Bi Gauni alisema kutoka upande wa pili wa kitambaa.

"Mimi nimeshazaa, wewe nyamaza!" mama alimjibu, na kwa kujibu vile pumzi ikamwishia. Alimtazama mume wangu kwa muda. Kisha akageuzia uso wake upande wa cherehani, akaachia ngumi.

"Fanya haraka," alisema.

Alifanya haraka. Alivibandua vyangu vyote. Alifuta jasho kwa kipande cha sare ya shule, akalinyanyua titi kwa mgongo wa kiganja, kama anavyofundishwa mtu wa kazi hiyo, akabandika chini yake, kisha pembeni, kisha kwapani. Hakutazama kando wala hakutazama chini. Mashine ikatoa karatasi nyingine, na safari hii niliuona uso wake inapotoka.

Mimi sijui kusoma zile alama. Lakini macho ya mshonaji hujua mstari unaopaswa kulala na haukulala. Kwenye ile ya kwanza kila kilele kilishuka kikatulia. Kwenye hii havikushuka, vilibaki vimening'inia juu.

"Ni moyo," alisema. "Mshipa umeziba. Mama, una vidonda vya tumbo? Unatoka damu popote? Kuna dawa inayokudhuru?"

Mama alikana yote.

"Hii ni aspirini. Itafune, usiimeze nzima."

Baada ya hapo kila kitu kilikwenda mbio, lakini bila papara. Alimchoma sindano ya dripu mkononi. Alipiga simu hospitali akawaambia waandae chumba cha kuzibulia mishipa, anakuja na mama wa makamo, ana sukari, taya na mgongo, kifua hakimuumi. Akabandika mabamba mawili makubwa ya kunata kifuani kwa mama, yenye waya nene.

"Haya ya nini tena?" mama aliuliza.

"Ya kutotumika, Mungu akipenda."

Mama alitaka kushuka ngazi kwa miguu yake, eti asionekane amebebwa. Mume wangu alimwambia hata hatua moja hapana. Wakamfunga kwenye kiti, Polepole chini, yeye juu, na zile ngazi zenye kisirani zikawa ndefu kuliko siku zote. Nilishuka nyuma yao na begi jekundu. Bi Gauni alinifuata amebeba beseni, sijui la nini, na pini zake bado kiunoni.

Ndani ya gari nilimshika mama mkono. Polepole alikuwa anapasua njia kwa honi na matusi ya chini chini. Mama alinikumbusha kola. Alisema zile za bluu nisizikate kwa mkasi mdogo, zitakuwa na meno, na kama mwenye shule akija mwambie...

Hakumalizia. Macho yake yalibaki wazi yakitazama paa la gari, na mashine ikaanza kulia.

"Toa mkono!" mume wangu alinifokea. "Usimguse! Toa!"

Hajawahi kunifokea. Nikaurusha mkono wa mama kama nimeungua. Alibonyeza, umeme ukapita kwenye zile waya nene. Mama aliruka juu ya kitanda, akaanguka, na papo hapo mume wangu alikuwa juu yake, mikono miwili imefungamana katikati ya kifua kile alichokuwa akikwepa kukitazama, anakandamiza kwa uzito wake wote, akihesabu kwa sauti, na nikasikia kitu kinavunjika ndani ya mbavu. Nilimwomba Mungu kwa maneno ambayo sitayarudia. Nilimwomba kwa vitisho.

Kisha mkono wa mama ukainuka. Ulimsukuma mume wangu begani, mara moja, kwa unyonge.

"Acha," alisema mama. "Unaniumiza."

Mume wangu aliacha. Machozi yalimshuka mpaka kidevuni, na hakuyafuta, maana mikono ilikuwa na kazi ya kutazama dripu na mashine na mapigo. Nilitaka kumkumbatia, nikaogopa kugusa chochote.

Hospitalini walituondolea mama mlangoni. Jioni daktari alitoka akatuambia mshipa umezibuliwa, mama ataishi. Alisema kama angengoja apelekwe kwa daktari wa meno, tungekuwa tunazungumza mengine. Alisema pia kwamba sehemu ya nyama ya moyo imekufa, kwa sababu nyama ile ikikosa damu hufa kidogo kidogo kila dakika inayopita, na ikishafa hairudi. Moyo wake utafanya kazi, lakini hautakuwa ule wa zamani. Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Siku mama alipohamishiwa wodi ya kawaida, mume wangu alinisindikiza mpaka mlangoni, akasimama. Nilimwambia aingie. Akasema atasubiri kwenye benchi. Nikamwambia mtu anayeingia kwenye magari yaliyopinduka haogopi mlango wa wodi.

"Siogopi mlango," alisema.

"Unaogopa nini? Mama hajakukataza."

Akasema, kwa sauti ya chini:

"Mama wa mtu mwingine ningemchania blauzi pale pale. Nilishajua ni moyo uliposema ngazi, nilijua kabla ya karatasi. Nikasimama nautazama ukuta. Kile kipande kilichokufa, ni mimi niliyekiua."

Usiku ule wa kwanza nilikuwa nimelala macho, nikizipiga hesabu zile dakika za pazia, na kwa kitambo fulani nilimchukia. Nilijichukia na mimi, na vifungo vyangu viwili. Kwa hiyo tulisimama tu pale mlangoni, mke na mume, kila mtu na lake.

"Nyie wawili," sauti ya mama ilitoka ndani. "Moyo ndio mbovu. Masikio ni mazima. Ingieni."

Tuliingia. Mama alikuwa ameegemezwa mito, amekonda uso, mtandio umefungwa vizuri. Mume wangu alisimama mwisho wa kitanda, macho sakafuni, magoti pamoja.

"Inua uso," mama alimwambia.

Akainua.

"Ule ukuta, ni nani aliyekuelekeza?"

"Mama, mimi ndiye mwenye kazi..."

"Nimekuuliza swali."

"Ni wewe, mama."

"Basi usijibebeshe lisilo lako. Zile dakika nilizitaka mimi. Nilikuwa na akili zangu, nikachagua. Kilichokufa humu ndani ni changu, nimekitoa mwenyewe, na sitaki mtu akililie kwenye benchi." Alinyamaza kuvuta pumzi, na ilimchukua muda, mpaka nikasogea. Akanizuia kwa kidole. "Sijamaliza. Siku nyingine utakwenda kwa mama wa watu. Atakwambia ni jino. Atakwambia ni tumbo. Ataishika blauzi yake kama nilivyoishika mimi, akwambie geuka. Usigeuke."

"Akinitukana je, mama?"

"Mvumilie. Mwambie mama mkwe wako ndiye aliyekutuma."

Mume wangu akavuta kiti cha wageni, akakisogeza karibu na kitanda, akakaa.